Kinga ya Mzee na Ngamia wa Abdillahi

Jumanne, 1 Machi 1983
Mke wangu Sadia ametoa hukumu. Jumapili mjukuu wetu Tiya anaolewa Merti, na mzee wa kumbariki ni mimi. Lakini lori linaondoka Jumamosi, na mbele kwa dereva kuna nafasi ya mzee mmoja. Nikikohoa hata mara moja kabla ya hapo, ataenda jirani yetu Abdillahi. Sadia hajasahau kikohozi changu cha Januari.

Nitajenga kinga. Jambo lenyewe ni rahisi. Mwili wa mzee ni kama boma la miiba: ikikauka, fisi hupenya. Lishe huleta miiba mipya, mazoezi huipanga. Nimenunua vidonge vya vitamini na mafuta ya samaki. Kagwiria wa duka la dawa alisema kidonge kimoja kwa siku. Bado ni msichana. Nimemeza vinne.

Jumatano, 2 Machi
Tumbo linanguruma tangu alfajiri. Sisi Waborana samaki hatumli, kwa hiyo Sadia alinusa kijiko akauliza ni nini kimekufa. Chupa imefukuzwa, isikae karibu na vibuyu vya maziwa. Mimi pia. Nimekunywa chai uani, paka wawili miguuni. Kikohozi hakuna.

Alhamisi, 3 Machi
Mazoezi. Nilishika njia ya Kulamawe kwa mwendo wa kasi. Mwiti wa duka akauliza nani amefariki. Robow mfugaji, niliyemfundisha zamani shuleni, akauliza ngamia wangapi wamepotea. Nikaeleza, kwa utaratibu, kwamba natembea tu, siendi popote. Wakatazamana. Robow akanishika mkono, akasema, “Pole, Mwalimu. Usione haya. Sema ni wangapi.”

Watu walikuwa wamefika wanane. Nikasema mmoja. Wakataka alama zake. Nikataja za ngamia wa kwanza aliyenijia akilini: jike, mwekundu, sikio la kushoto limekatwa. Wote wanane wakaingia porini. Nikarudi nyumbani kumeza vidonge.

Ijumaa, 4 Machi
Wamempata. Jike, mwekundu, sikio limekatwa. Ana chapa ya Abdillahi.

Abdillahi alikuja baada ya swala, akamtazama ngamia wake amefungwa mlangoni kwangu. Akasema, “Mwalimu, ungeniomba maziwa tu.” Watu wakacheka sana. Wazee wakaamua nimrudishe mwenyewe malishoni, kwa miguu, kisha niombe radhi mbele ya wote. Upepo ulikuwa mkali, vumbi tupu. Niliporudi nikasimama, nikafungua mdomo kuomba radhi.

Nikakohoa.

Abdillahi akaniambia pole, mzee mwenzangu. Kisha akamuuliza Sadia lori linaondoka saa ngapi.

Jumamosi, 5 Machi
Limeondoka. Abdillahi alikaa mbele. Sadia alinipungia mkono kutoka nyuma, juu ya magunia. Baraka zangu kwa Tiya nimeziandika kwenye karatasi, atazisoma Abdillahi.

Nimekaa na chupa yangu, nimefikiri bila hasira, na kosa nimeliona. Nilitembea polepole mno, watu wakapata nafasi ya kuuliza. Kuanzia kesho nitakimbia.