Bastola ya Mlango wa Mashariki

Jumatatu, 3 Juni

Shajara hii ni siri. Naificha ndani ya gunia la chakula cha kuku, la tatu kutoka ukutani. Nani atapekua chakula cha kuku? Akili hizo, hazifundishwi shuleni. Ndiyo maana niliacha.

Habari kubwa. Jana Shemasi Hoyt katangaza kwamba kikosi cha ulinzi wa kanisa letu hapa Arkansas kina pengo. Mzee wa mlango wa mashariki kahamia kwa binti yake, mlango umebaki yatima. Masharti mawili. Kwanza, Jumamosi malishoni kwa Shemasi, risasi ishirini na tano, na ishirini ziingie kwenye karatasi ya shabaha. Pili, bastola ya mlinzi isionekane. Shemasi kasema wazi: akiona hata umbo lake kwenye shati, basi ndugu huyo akaimbe kwaya.

Nafasi hiyo ni yangu. Nina miaka ishirini na mbili, na kanisani kazi yangu ni kupanga viti na kuitwa "yule mjukuu wa Orpha." Mlinzi haitwi mjukuu wa mtu. Anaitwa Ndugu Lyndell.

Tatizo ni Garvin wa karakana ya matairi. Naye kaandika jina. Kwa kalamu aliyoazima kwangu! Hilo nimeliweka moyoni.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda dukani kwa Mzee Delmar kuchagua bastola. Kanipangia tatu kwenye kaunta: kubwa, ya kati, ndogo. Eti, mwanangu, chukua ya kati, inajaa mkononi na haikuumizi. Eti hii ndogo ni kama punda mdogo, mateke yake yanashinda ya baba yake. Kuibeba raha, kuipiga adhabu.

Mimi si mtoto. Mtu akikusifia kitu ambacho hukumuuliza, jiulize anakuficha nini. Halafu akauliza nitavaa suruali gani! Habari za suruali yangu anazipeleka wapi? Nikamwambia suruali ni siri ya ulinzi. Akasema basi nijaribu risasi chache huko nyuma ya duka, bure. Bure! Hapo ndipo nilipojua kuna mtego.

Nikachukua ndogo. Nikifunga kiganja, haipo. Delmar akashusha pumzi, akasema hiyo hununuliwa na mtu asiyetarajia kupiga. Nikamjibu, "Mzee, hata nge ni mdogo." Akaanza kuandika risiti. Nilimweza!

Natoka nje, naona pikapu ya Garvin ng'ambo, mbele ya kinyozi. Garvin ana upara.

Jumatano, 5 Juni

Nimeivaa kazini, duka la chakula cha mifugo, kiunoni, shati juu yake. Watu wote wananitazama. Wote! Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe kanitazama pale pale mara tatu. Nikampa jicho la ulinzi. Mwisho akanisogelea, akasema taratibu, "Kijana, zipu."

Mbinu ya kunipima hiyo. (Zipu kweli ilikuwa wazi. Lakini bado.)

Jioni, juu ya maharage na mkate wa mahindi, Bibi Orpha aliyenilea akauliza mbona najipapasa nyonga kila nikimeza. Eti una jipu? Nikasema sina. Eti lete nilikande kwa maji ya chumvi. Nikasema sina jipu, Bibi! Akasema wenye majipu ndio wanaofoka hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Nyonga imekataliwa. Nikajaribu mfukoni, ikanata kwenye pipi iliyoyeyuka, nusu saa naikwangua kwa kijiko. Nikajaribu kwapani. Nilipoinua gunia ikaanguka kwenye mtama. Nikachovya mkono mpaka begani kuitafuta, huku namwambia mteja nakagua ubora.

Mwisho nikapata jibu. Buti! Ndani ya buti la kushoto, imefungwa kwenye kifundo cha mguu. Binadamu haangalii mguu. Nachechemea kidogo, lakini mashujaa wengi huchechemea.

Garvin kaja "kununua kamba." Akanitazama natembea. "Vipi, mjomba, buti limekula mguu?" Anajua! Nimempimia kamba fupi makusudi.

Bibi kaniambia bastola huwekwa mahali pamoja, kisha mtu anaishi maisha yake. Yake, ile nzee ya risasi tano, inakaa kwenye mkoba wake pamoja na pipi za mnanaa tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Nikamwambia hiyo si bastola, hiyo ni makumbusho. Akamenya pipi, akala.

Ijumaa, 7 Juni

Dalili mbaya. Garvin kapita mbele ya nyumba yetu mara mbili. Ndiyo, anakaa nyumba ya pili, lakini mara mbili?

Nimehamisha bastola. Kwenye droo. Droo ndiyo mahali pa kwanza mwizi anapoangalia, nikaitoa. Chini ya mto. Mto ni mahali pa pili. Kwenye kopo la unga, Bibi akataka kuoka. Nikaikimbiza kwingine, na kwingine tena. Mkono wangu mwenyewe haukujua mwenzake anafanya nini.

Nitalala na buti ili mguu uzoee. Umeshaanza kufa ganzi. Dalili njema.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaeleza.

Asubuhi, bastola hakuna! Droo hakuna. Mto hakuna. Unga nimeumwaga wote, hakuna. Nikajua papo hapo ni nani. Nikapanda gari la Bibi, aliyekuwa anapeleka maji ya limau kwa wapiga shabaha, nikafika malishoni nachechemea kwa hasira. Mbele ya kikosi kizima nikamnyooshea Garvin kidole, nikasema mwizi ndiye huyu, apekuliwe.

Garvin hakubisha. Akapindua mifuko yote. Kitana kilianguka. Kitana! Mwenye upara! Nikawaambia waone wenyewe, huyu ni mtu wa namna gani? Shemasi Hoyt hakukitazama kitana. Alikuwa anautazama mguu wangu. Akaniuliza kwa upole mbona nachechemea. Bibi akadakia kutoka kwenye gari, "Ana jipu, Ndugu Hoyt, lakini anaficha!"

Wakanikalisha, wakalivua buti.

Garvin alicheka mpaka akalala kwenye nyasi. Mimi nikasimama na soksi moja, nikawaambia: mnacheka nini? Sharti lilikuwa isionekane. Nani kati yenu aliiona? Hata mimi sikuiona! Shemasi akakuna kidevu. Akasema hoja ina mantiki kwa namna yake, njoo upige.

Nikapiga. Loo! Ilirusha teke, ikaning'ata ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Damu. Risasi nne kwenye karatasi yangu, moja kwenye ya Garvin. Zilizobaki ziko Arkansas hii hii, mahali fulani. Garvin kapata kumi na nane, ukihesabu na ile yangu. Hajafika! Nilifurahi sana kwa mtu anayevuja damu.

Ndipo Bibi akaweka jagi chini, akasema kwa vile karatasi imebaki moja, si vibaya. Akafungua mkoba. Akasogeza pipi. Ishirini na nne. Ile ya ishirini na tano alipiga chafya.

Matundu yakahesabiwa mara mbili. Kisha Shemasi, kwa sauti ya mtu aliyeona roho, akauliza bastola hiyo huwa anakuja nayo kanisani? Bibi akajibu, "Kila Jumapili, mwanangu. Nakaa nyuma yako."

Jumapili, 9 Juni

Bibi kasimama mlango wa mashariki na kofia yake ya maua. Watu wanamwita Dada Orpha wa Ulinzi. Mimi nimepanga viti. Mtoto wa Shemasi kauliza huyu ni nani, akajibiwa yule mjukuu wa Orpha.

Nimewaza ibada nzima. Kwanza, kwa nini Bibi alipeleka maji ya limau jana na si siku nyingine? Nitachunguza. Pili, kosa langu nimeligundua. Bastola ilikuwa kubwa mno! Ingekuwa ndogo zaidi nisingechechemea, nisingevuliwa buti, mkono usingeumia. Wanasema Delmar anayo moja ndogo kama kiberiti. Kesho, duka likifunguliwa, mimi ndiye wa kwanza. Akiniambia chukua ya kati, nitajua Bibi kashamfikia.

Hii ya sasa nimeificha mchana, baada ya ibada, mahali ambapo hakuna mwizi duniani angefikiria.

Nimetoka kuitazama. Haipo.

Saa nane Garvin alipita hapa akipiga mluzi.