Mbaruku Alivyoushinda Ukoga wa Miaka Thelathini

"Mbaruku, hivi humo kinywani una meno, au umepanga kokwa za tende?"

Swali hilo Bi Swaumu, jirani, alilirusha juu ya ua wa fito, likatua mbele ya wateja watano waliokuwa wakipimiwa uwele. Ndilo lililowasha vita. Basi tulieni, enyi watu wa Majengo, nanyi mliotoka Kondoa na magunia yenu; mwenye karanga mdomoni na ameze, maana habari hii haisikilizwi kwa kutafuna.

Mbaruku, Fahali wa Uwele, Mshika Mizani Asiyetetemeka, alikuwa mtu wa ugoro. Miaka thelathini shavu lake la kushoto halikulala tupu. Ugoro ulipiga kambi humo, ukapaka ukoga wake wa kahawia jino kwa jino, kama liwali apandishaye bendera nyumba kwa nyumba. Wala hakuona haya, hata binti yake Shamila alipojaliwa mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza.

Desturi yao, siku ya saba mzee hutafuna tende hata ilainike, akampaka mtoto ufizini huku akimwombea heri. Kazi hiyo Mbaruku aliingoja tangu siku ya harusi.

"Shikamoo baba," alisema Shamila, kampakata mtoto. "Lakini kwa mdomo huo, hapana. Kesho saa nne ukija hivyo hivyo, tende atatafuna mume wa Bi Swaumu."

"Abdulnasiri? Yule anayepiga chafya mpaka kuku wanahama?"

"Anapiga mswaki, baba."

Neno hilo lilimchoma kuliko mkuki. Mbaruku akasimama ukumbini, akayahutubia meno yake: "Enyi magego! Nimewalisha makande, nimewalisha mbuzi, nimewasitiri na vumbi la Dodoma. Leo nataka utii. Atakayekataa kung'aa, atang'oka!"

Baada ya sala ya alfajiri akatoka nyuma ya jiko na silaha zake: kijiti cha mswaki, mkaa uliotwangwa, chumvi ya mawe, na mzinga mkubwa kuliko yote, dawa ya meno iliyotoka Dubai, kwani ulikuwa mwaka wa pili tangu maduka yaliyokuwa yakiuza viberiti na vumbi yaruhusiwe kujaza vitu vya nje.

Akatanguliza mkaa. Akasugua juu, akasugua chini, ufizi ukavuja damu. Ukoga haukujongea hata unywele. Akaleta chumvi, machozi yakamtoka. Ndipo alipokamata mzinga, akaukamua hata ukabaki ngozi tupu. Povu likafurika, likashuka kifuani, jogoo akaruka juu ya banda akidhani mwenye nyumba kapasuka. Baridi ya dawa ikampanda puani, akahisi kipupwe chote cha Julai kimeingilia mdomoni. Mkono wa kulia ulipigana kiume. Wa kushoto, msaliti yule, ukatambaa mfukoni kutafuta kijaluba cha ugoro.

"Rudi, haini wee!" akaukemea, akaukalia.

Dumu zima la maji likaisha.

Saa nne watu wamejaa mkekani. Bi Swaumu kaja na kisahani chake cha tende, kakifunika kitambaa, kajaa yakini. Mara Mbaruku akaingia, mdomo kaufumba, shavu la kushoto limetuna.

"Kaweka!" Bi Swaumu akapiga kelele. "Tazameni shavu! Hata mbele ya malaika huyu kaweka!"

Shamila akamvuta mtoto kifuani. "Baba. Hata leo?"

Mbaruku alipiga magoti, akafunua kinywa. Hayakuwa meupe kama maziwa, tusimsingizie. Yalikuwa rangi ya uji wa uwele. Lakini yalionekana, moja moja, na yalinukia Dubai. Na kwenye shavu, palepale ugoro ulipozoea kulala, mazoea yalikuwa yamelaza tende. Akaichota kwa kidole, laini kama samli, akampaka mjukuu. Mtoto akalamba, akalamba tena, akashika kidole cha babu hataki kukiachia.

Vigelegele vikavuka ua. Na iandikwe penye kuandikwa kwamba siku ile, Majengo, ukoga wa miaka thelathini ulisalimu amri kabla ya saa nne, na jeshi lililoushinda lilikuwa la mtu mmoja na mkono wake mmoja.

Mbaruku akatoa kokwa mdomoni, akaifuta vizuri, akafunua kisahani cha jirani yake, akaiweka juu ya tende.

"Bi Swaumu, uliuliza. Meno ndiyo haya. Na kokwa ndiyo hiyo."

Bi Swaumu akakitazama kisahani, akakifunika kitambaa, akajitanda kanga yake, akatoka.