Jina Moja, Jalada Moja

Ilitangazwa rasmi, Jumatatu ya pili baada ya Idi, saa tatu unusu asubuhi, kwamba kuanzia siku ile kisiwa cha Unguja hakina tena watu wawili wenye jina moja.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Idara ya Kumbukumbu za Kazi na Uvumbuzi, nyumba ya ghorofa mbili kule Malindi, na aliyelitia saini ni Bwana Bakar Mmanga, Kaimu Mkurugenzi. Watu walilisoma, wakatazamana, wakenda zao sokoni. Bwana Bakar, aliyekuwa akiwachungulia kutoka dirisha la juu, akakuchukulia kule kwenda sokoni kuwa ni kuafiki.

Mwaka huo, sabini na moja, ulikuwa wa tatu kwake yeye kuwa kaimu. Kaimu, kwa asiyejua, ni mtu anayekalia kiti kwa tako moja. Barua zote zinamwita Mkurugenzi isipokuwa ile inayotoka juu. Mwisho wa mwezi ilikuwa ije Tume ya Uthibitisho, imuulize amefanya jipya gani, kisha ama imthibitishe ama imwondoe. Hapa duniani Bwana Bakar hakutaka kitu chengine ila lile neno "kaimu" lifutwe. Alikuwa hata akifanya mazoezi ya kutia saini bila ya neno lile, pembezoni mwa magazeti.

Na jipya lilikuwa limepatikana, tena kwa bahati tu. Idara ilikuwa haina majalada mapya ya kuwekea kumbukumbu za watu. Si kwamba yalikosekana. Yalikuwa hayajafika, na tofauti hiyo Bwana Bakar alikuwa akiieleza kila wiki. Yaliagizwa mwaka sitini na nane, kwa hiyo yamo njiani kwa hakika zaidi kuliko zamani. Siku moja akamwagiza Bi Kidawa, karani wa masjala, amletee jalada la Machano Mcha. Bi Kidawa akaleta matatu.

"Nimekwambia Machano Mcha."

"Ndo hao, mkubwa. Machano Spana, Machano Sindano na Machano Boflo."

"Hayo majina ya barazani. Serikalini hakuna Boflo."

"Serikalini hakuna, lakini Mlandege yupo, na chai ya asubuhi nshanywa kwa mkate wake."

Bwana Bakar akafungua la Spana, fundi wa mashine. Ndani yake akakuta mna karatasi kuukuu za baharia, nazo zimeandikwa Machano Mcha.

"Huyo babu yake," Bi Kidawa akaeleza. "Si mtu akipata mwana wa kiume humpa jina la babaake? Machano Mcha kamzaa Mcha Machano. Mcha Machano kamzaa huyu fundi, kamwita Machano Mcha."

Bwana Bakar akaweka kalamu chini. Kiofisi, ule ulikuwa ni ukoo wenye watu wawili tu wanaopokezana zamu, na mambo yanaendelea hivyo miaka na miaka bila ya karatasi mpya kuhitajika. Wananchi walikuwa wameshabana matumizi zamani. Idara ndiyo iliyokuwa ikifanya israfu. Mchana ule ule ikatoka kanuni: jina moja, jalada moja. Rekodi zote za kazi na uvumbuzi wote wa watu wanaochangia jina zikusanywe pamoja, na mwenye jalada ni mmoja.

"Majina yote?" Bi Kidawa akauliza.

"Yote."

"Yote kabisa, mkubwa?"

"Bi Kidawa, sheria haina upendeleo."

Bi Kidawa akaenda kuunganisha.

Wa kwanza kunufaika alikuwa Machano Spana wa Kikwajuni. Fundi huyu alibuni mashine ya kuchambulia karafuu, kwa gurudumu la baiskeli na panga za feni. Unatia karafuu kama zilivyoangushwa mtini, unakanyaga, karafuu zinatoka kulia na makonyo, vile vijiti vyake, yanatoka kushoto. Kazi ya wanawake kumi kutwa, mashine inaimaliza kabla ya adhuhuri. Shamba la serikali lilikuwa tayari kuichukua, likataka shahada ya Idara tu, na msimu ulikuwa karibu. Akaja kuifuata.

"Wewe ndiye Machano Mcha?"

"Naam."

"Jalada linasema umeanza ubaharia mwaka elfu moja mia nane tisini na tisa."

"Huyo babu yangu, Mungu amrehemu."

"Babu yako akiitwa nani?"

"Machano Mcha."

"Basi tunaelewana. Na kuoka boflo kunaendeleaje?"

"Mie sioki, bwana. Mie nnatengeneza mashine."

"Hapa imeandikwa unaoka tangu hamsini na tano, na umebuni mlango wa tanuri usiounguza mkono. Tena ni dresa, unapiga sindano Chwaka, na umebuni banzi la mti wa mpera la kufungia mguu uliovunjika." Bwana Bakar akamtazama kwa upole. "Ndugu yangu, unyenyekevu wa namna hii ndio unaoturejesha nyuma."

Shahada ikatoka, moja, nzuri, ina muhuri, na uvumbuzi wa aina zote tatu umo ndani yake. Kwa kuwa ni moja, Idara ikapanga zamu za kuishika: Spana Jumamosi na Jumapili, Boflo Jumatatu na Jumanne, Sindano siku mbili zinazofuata. Ijumaa shahada inapumzika. Shamba la serikali likajibu kwamba afisa wa kupokea mashine hukaa ofisini Jumatano.

Kisha Idara ikaanza kuwatumia watu kwa mujibu wa majalada yao. Jumanne Spana alipelekwa Chwaka kushika zamu ya dresa. Barua ni barua, akenda. Kibibi wa mwanzo kwenye foleni akaitazama ile mikono, grisi mpaka kwenye viwiko, akasema homa imeshaondoka, tena imeondoka tangu jana, yeye kapita kusalimia tu. Siku ile Chwaka walipona wagonjwa kumi na tisa kabla ya kuguswa. Idadi hiyo haijapata kuonekana, na Bwana Bakar akaitia kwenye ripoti.

Sindano alipelekwa tanurini Mlandege. Akaukanda unga kwa glavu, na kila boflo akalipangusa kwa spiriti kabla ya kulitia ndani. Tanuri liliwaka vizuri kupita siku zote, na waliokuwa na nyusi walijua hivyo kwa karibu. Boflo, ambaye hata kuogelea hajui, aliripoti bandarini akiwa na miaka sabini na miwili ya ubaharia. Nahodha alisimama akampisha kiti chake, kisha akamuuliza upepo unakuja vipi. Boflo akalamba kidole, akakinyanyua, akasema, "Bado dakika tano uive."

Tume ikaja Alhamisi. Mwenyekiti wake alikuwa Ndugu Simai, mtu mzito wa maneno, na nyuma yake wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Bwana Bakar alivaa koti. Akaweka jalada la Machano Mcha mezani kama anayeweka mtoto mchanga.

Ndugu Simai akalisoma ukurasa kwa ukurasa, analamba kidole.

"Miaka sabini na miwili kazini."

"Naam, Mheshimiwa."

"Hajapata likizo?"

"Kapata, Mheshimiwa. Lakini kila akiwa likizo, huwa yuko kazini pahala pengine."

"Hodari. Nimwone."

Bwana Bakar alikuwa amemwita Spana peke yake. Lakini barua ilikwenda kwa jina, na jina lina milango mitatu, basi waliingia watatu, wanasukumana.

"Nani kati yenu Machano Mcha?"

"Naam," wakaitika wote.

"Mheshimiwa, mie nataka shahada yangu tu," Spana akasema. "Karafuu haziningoji, na mashine iko uani kwangu, kuku wanaitagia."

"Shahada leo iko kwangu," akasema Sindano. "Ichukue, yakhe, nikupe na glavu. Mie nimechoka kunuka hamira."

"Heri weye unanuka hamira," akasema Boflo. "Mie Jumatatu natakiwa niipeleke meli Mombasa."

Bwana Bakar akahisi koti linambana. Miaka mitatu ya kukalia tako moja ilikuwa inaning'inia kwenye midomo ya watu hawa. Lakini Ndugu Simai hakukunja uso. Aliwahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu.

"Hapa umeokoa majalada mangapi?"

"Mawili, Mheshimiwa. Na la babu, matatu."

"Na kisiwa kizima?"

"Elfu nne na mia mbili."

Ndugu Simai akavua miwani. Wajumbe wawili, kwa kuona miwani imevuliwa, wakakubali.

"Tume imeridhika na kanuni hii," akasema. "Haina dosari, na itafuatwa kama ilivyo. Sasa na tulione jalada la huyu tunayemthibitisha."

Bwana Bakar alikuwa akilijua jalada lake. Jembamba, safi, karatasi tatu na picha. Bi Kidawa aliingia nalo amelikumbatia kwa mikono miwili, kidevu kimelishikilia kwa juu.

"Bi Kidawa, hilo si langu."

"Lako, mkubwa. Lina jina lako. Nilikuuliza mara mbili."

Ndugu Simai akaanza kulamba kidole. "Bakar Mmanga. Mkwezi wa minazi ya serikali, Bwejuu, tangu mwaka thalathini. Minazi arubaini kwa siku. Hajapata kuanguka. Amebuni kamba ya kuteremshia mikungu ya nazi bila ya kutoboa paa la mtu." Akafunua. "Barua za shukurani. Barua za shukurani. Hapa wanakijiji wa Paje wanaomba mumuazime." Akafunua mpaka mwisho, na mwishoni kabisa zikawamo karatasi tatu. "Kaimu Mkurugenzi, miaka mitatu. Uvumbuzi: tangazo."

"Mheshimiwa, huyo mkwezi ni mtu mwengine."

"Mwengine yupi?" Ndugu Simai akanyoosha kalamu kuelekea mlangoni. "Nimesoma pale nikiingia. Hakuna mwengine."

"Mimi minazi siijui. Ngazi za nyumba hii tu nnazipanda nnasita."

"Miaka arubaini na moja haipotei, Ndugu Bakar. Miguu itakumbuka." Akawageukia wajumbe. "Mnaona wenyewe. Huyu ni mkwezi hodari aliyekawia ofisini."

Wajumbe wakakubali. Machano watatu, ambao hawakuulizwa, nao wakakubali.

Neno "kaimu" lilifutwa pale pale, kwa wino mwekundu, na Bwana Bakar Mmanga akathibitishwa: Mkwezi Mkuu, Bwejuu.

"Na hapa ofisini, Mheshimiwa?" Bi Kidawa akauliza. "Nani atakaa?"

Ndugu Simai akamtazama kama aliyeulizwa jina la siku iliyoko baina ya Alhamisi na Ijumaa. "Bakar Mmanga. Kwani kuna mabadiliko gani?"

Jumamosi lori mbili zilipishana Jozani. Moja ilikuwa inaelekea kusini, ndani yake mtu wa koti anashikilia vyuma. Ya pili ilikuwa inakuja mjini, ndani yake mzee mwembamba, kanyoosha miguu mipana kama makasia, anatafuna muwa.

Mzee Bakar alipofika Malindi alikitikisa kwanza kile kiti kama anayepima mnazi, akaona kinafaa, akakikalia chote. Akawaita Machano watatu.

"Nani katengeneza hii mashine ya karafuu?"

Swali lile halikuwahi kuulizwa katika Idara. Bi Kidawa alilazimika kuegemea kabati.

"Mie," akasema Spana.

"Wenzake mnasemaje?"

"Yeye," wakasema wenzake.

"Haya, aandikiwe."

Majalada yalikuwa bado hayajafika. Bi Kidawa akalibandua tangazo mlangoni, akalikata vipande vitatu, akaandika shahada tatu nyuma yake. Jumatano mashine ilipakiwa ikenda shamba, na mayai sita yakabaki uani.

Bwejuu, Mkwezi Mkuu alikaa siku tisa chini ya mnazi wa mwanzo, kamba ya miguuni kaifunga vizuri, karatasi iko gotini. Kijiji kilikuja na majamvi kutazama. Bi Mwanapili, mwenye nyumba ya jirani, akamletea chai.

"Mkwezi, leo unapanda?"

"Nnaandika rufaa."

"Basi ukimaliza, lile kuti kavu liko juu ya jiko langu."

Rufaa ilikuwa ya kurasa nne, na kwa utaratibu aliouweka mwenyewe zamani, rufaa zote hupelekwa kwa Mkurugenzi. Jawabu lilirudi baada ya wiki, limepigwa taipu na Bi Kidawa.

"Ndugu Bakar Mmanga. Barua yako tumeipokea na kuisoma. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, aliyeiandika ni Bakar Mmanga na aliyeandikiwa ni Bakar Mmanga. Idara haiwezi kuingilia mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Madafu mia mbili yanahitajika mjini Alhamisi. Ukifika juu usitazame chini. Wako, Bakar Mmanga, Mkurugenzi. Nakala: Bakar Mmanga, Bwejuu, kwa taarifa."