Mchunga wa Mama Mbeyu

Jumatatu, 3 Machi

Mama Mbeyu, mwenye nyumba wangu hapa Mishomoroni, amekwenda matangani Kaloleni pamoja na binti yake. Kanipigia simu wakiwa njiani. Kasema nimwangalizie mchunga wake, “usikose maji”. Nikaitika naam, kwa heshima zote. Jumapili wazee wangu wanatoka Miritini kuja kumposa Mbeyu. Wiki hii mama huyu hata akinituma mwezini nitakwenda.

Mchunga ninayemjua ni mmoja tu, mzee Kiponda, anayechunga mbuzi wake kiwanja cha nyuma. Tena Mama kanikumbusha na mimi nisikose maji katika joto hili la kaskazi. Ana huruma. Mtihani mwepesi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea mzee jagi la maji ya barafu. Akaniuliza nani amefiwa. Akanywa, akanishukuru, akaniuliza tena.

Jumatano, 5 Machi

Maji asubuhi, maji jioni. Mzee sasa ananiita mwanangu.

Nimeona niongeze kitu. Nyuma ya bafu Mama ana kibustani, na kimejaa magugu! Mtaa mzima umekauka, nyasi zimekuwa vumbi, halafu magugu ndiyo yamenawiri. Nimeyang'oa yote na mizizi yake, nikayatupa mbali. Mahali pamebaki peupe, hata harusi unaweza kufanyia. Mama atalia kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amerudi. Nikampa shikamoo, akapita moja kwa moja nyuma ya bafu. Akaniuliza mchunga uko wapi. Nikamjibu hajambo, asubuhi hii amekunywa majagi mawili.

Mbeyu ndiye aliyenieleza, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Kumbe mchunga ni mboga. Majani machungu, wenyeji wanayapenda sana. Mama aliulea tangu Januari kwa maji ya kuoshea mchele, apate kuwapikia wazee wangu kwa nazi na sima. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafungua mdomo nikiri, na kilichotoka ni kwamba niliona mbuzi wa mzee Kiponda wakitoka huko wanatafuna.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu. Sijui niandikeje.

Mzee Kiponda amekuja na mbuzi jike kulipa kosa. Hakubisha hata kidogo. Kasema usingizi unamchukua siku hizi, huenda wanyama walimponyoka. Akamwambia Mama kwamba kama kijana huyu ndiye aliyeona, basi ni kweli, kwani hapajatokea mtu mtaani aliyemjali kama mimi. Kisha akaniomba nimshikie kamba, apate kuomba msamaha kwa mikono miwili. Nikaishika. Mbuzi akawa ananilamba vidole.

Chakula cha jioni kimenishinda. Nimejiona mtu duni, na ndivyo nilivyo.

Jumapili, 9 Machi

Sikulala. Alfajiri nimeapa mbele ya Mungu kwamba mzee wa watu hatabeba mzigo wangu, hata kama posa itavunjika. Nikaenda kwa Mama kabla wazee hawajafika. Nikapiga magoti jikoni. Nikamwambia mzee Kiponda hana kosa, mbuzi wake hawakukanyaga pale, nilimsingizia. Machozi yalinitoka, ya kweli.

Mama akanitazama kwa upole ambao sikustahili. Akasema hata yeye lilimsumbua jambo moja, kwamba mbuzi hula majani akaacha mizizi, na pale hapakubaki hata mzizi. Akaagiza mzee arudishiwe mbuzi wake. Nilisikia kifua changu kikiwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha akaniuliza, sasa ni nani?

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikasema ni kuku wa Nafula, mpangaji mwenzangu.

Nafula yuko uani sasa hivi, anaomba radhi na kumfunga jogoo miguu.