Habari za Ntare na Kichwa cha Mukecuru

Nyamazisheni misumeno yenu, enyi maseremala wa kilima cha Gisozi. Zimeni mashine za kuchomelea, enyi mnaocheza na cheche tangu asubuhi. Na wewe muuza maandazi, tua sinia lako hapo penye kivuli cha kontena, kwa maana habari hii ni ndefu na haipendi kusikilizwa na mtu aliyesimama. Twataka kueleza vita vya siku nne vilivyopiganwa katika banda la ushirika wa mafundi chuma, baina ya mwanadamu mmoja na kichwa kimoja cha mashine. Damu ilimwagika humo, ingawa si nyingi, kwa kuwa kidole gumba hakina damu ya kujaza hata kifuniko cha chupa.

Basi palikuwa na fundi, jina lake Zephaniah Ntare, mzaliwa wa Karagwe na mrejeaji wa Kigali, bwana wa spana zote kuanzia namba nane hadi thelathini na mbili, mwenye tumbo la heshima na miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Kiswahili chake alikipata ng'ambo ya Mto Kagera kwa mwalimu mkali, na tangu hapo hakuwahi kutumia maneno mawili mahali ambapo ishirini yangeenea. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mshika ufunguo wa Mukecuru.

Mukecuru, yaani Bibi Kizee, ndilo jina ambalo ushirika mzima uliipa mashine yao ya kuchonga chuma. Ilikuwa mnara wa kijani uliopita kimo cha mtu, na juu ya mnara huo kichwa kizito kilichosheheni mota, mikanda, puli na gia. Na chini ya kichwa ukatoka mhimili wenye kisu, uzungukao na kula chuma kama mtoto alavyo muwa. Seremala akivunjikiwa na jino la mashine yake ya randa, alipanda kilima akiwa na kofia mkononi, akamwomba Ntare. Naye Ntare alitoa ufunguo mfukoni polepole, makusudi, ili kila mtu auone.

Hata mwezi wa sita ulipoingia, Mukecuru akaanza kupiga yowe. Misumeno ya banda la jirani haikusikika tena. Mchungaji wa kanisa la karibu alituma ujumbe wa adabu, akiuliza kama mama huyo hawezi kupumzika wakati wa maombi ya mchana. Ndipo Madamu Gaju, rais wa ushirika, mwanamke mfupi wa maneno mafupi, akaitisha baraza siku ya Jumatatu.

Akasimama kwanza Njoroge, fundi wa kukereza, aliyetoka Thika na mashine yake ya kukereza na mashaka yake. "Hiyo ni beringi zimeisha," akasema. "Ni kufungua kichwa, unatoa za zamani, unaweka mpya. Mnipe ufunguo, siku mbili nimemaliza."

Ntare akainuka, akavua miwani, akaivaa tena. "Ewe Njoroge, mkerezaji wa vitu vya mviringo! Wanena habari za kichwa kana kwamba ni kifuniko cha birika. Nani aliyelala na kuamka na mashine hii? Nani aijuaye homa yake na kikohozi chake? Nitakifungua mimi, kwa mikono hii miwili, nitamtoa shetani aliyemo, na nitakirudisha mahali pake kikiwa kimya kama maji ya mtungini!"

"Sawa," akasema Madamu Gaju. "Weka kwenye muhigo."

Maana katika nchi hii ahadi ya mdomo haitoshi. Mtu huandika muhigo, yaani kiapo cha kazi, akatia sahihi, nacho hubandikwa ukutani ili kila apitaye asome, na siku ikifika hupewa alama mbele ya watu. Ntare akaandika cha kwake, kikawa namba kumi na tatu: kabla ya Ijumaa saa sita mchana Mukecuru atazunguka bila kelele; asipozunguka, ufunguo utakuwa wa Njoroge. Akasaini kwa mkono imara, lakini moyoni aliogopa. Nyumbani aliitwa baba Kenny, kanisani aliitwa ndugu, na hakuwa na cheo kingine duniani isipokuwa ule ufunguo.

Siku ya Jumanne vita vikaanza. Ntare akalegeza boliti kubwa, akaifunga mota kwa mnyororo, akaishusha chini kwa heshima kama mtu ashushavyo mgonjwa kitandani. Njoroge akapita karibu. "Fundi, si upige picha na simu kila unapotoa kitu? Ndiyo usisahau."

"Je, mashujaa wa kale walipiga picha?" akauliza Ntare.

"Hawakuwa na beringi," akajibu Njoroge, akaenda zake.

Jumatano akaingia ndani ya ngome yenyewe. Akavua puli, akavua gia, akafikia ile springi iliyojikunja, ambayo kazi yake ni kuurudisha mhimili juu. Springi hiyo ilikuwa imelala kwa hasira miaka thelathini. Alipoigusa ikaruka, ikampiga kidole gumba, ikazunguka banda zima na kutua kwenye ndoo ya maji. Ndiyo ile damu tuliyowaambia. Ntare akakifunga kidole kwa kitambaa, akaendelea, na kufikia jioni vipande vyote hamsini na kimoja vilikuwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa mezani, cha kwanza kutoka kikiwa kushoto kabisa, cha mwisho kulia. Mpangilio huo ndio uliokuwa ramani yake yote.

Alhamisi asubuhi akashuka mtaa wa Muhima kutafuta beringi mpya. Akazipata katika duka la nne, akazikumbatia kifuani, akapanda pikipiki, akavaa kofia ngumu ya abiria kama atakaye kuvamia mji, akarudi kilimani akiimba. Akaingia bandani. Wimbo ukakatika.

Juu ya meza palikuwa na kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa, vipande vyote hamsini na kimoja viling'aa kama vijiko vya harusi, vimepangwa kwa ukubwa: ringi pamoja na ringi, boliti pamoja na boliti, kuanzia kubwa hadi ndogo, katika mistari iliyonyooka sana. Maboksi hayakuwepo, na ramani haikuwepo.

Kando ya meza alisimama Mukasine, ambaye wengi walimwita mama Iteka, msafishaji wa ushirika, mikono imelowa mafuta ya taa, uso umejaa furaha.

"Mama Iteka," akanena Ntare kwa sauti nyembamba, "ni jeshi gani lililopita hapa?"

"Ni mimi, muzehe. Iko safi, si ndiyo? Nimesugua moja moja na mswaki. Rwose, kweli kabisa, ilikuwa na uchafu mingi!"

Hapo Ntare akamwaga ghadhabu yake. Akaita mbingu ishuhudie, akaita nchi ishuhudie, akauliza ni kosa gani alilolitenda Karagwe hata limfuate mpaka Gisozi. Mukasine akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha kidole kilicholowa kuelekea ukutani.

"Muhigo yako ni namba kumi na tatu, muzehe. Yangu ni namba saba. Soma."

Ntare akasoma. Kila Ijumaa saa sita mchana, meza na sakafu ya banda hazitakuwa na grisi, na kila kifaa kitakuwa kimeoshwa na kupangwa. Mukasine. Wiki ishirini na mbili mfululizo alikuwa amepata mia kwa mia.

"Siku nilisaini, wewe ulipiga makofi," akasema Mukasine. "Ulisimama kabisa."

Ilikuwa kweli. Alisimama, tena alitoa hotuba.

Alasiri ile Ntare akapigana peke yake. Mara ya kwanza mhimili ukakwama katikati, haupandi haushuki. Akafungua tena. Mara ya pili ukapanda vizuri, ila ringi tatu zilibaki mezani zikimtazama. Njoroge akapita akipiga mluzi, na ule mluzi ulimuuma Ntare kuliko kidole. Akaenda nyumbani, akala chakula chake chote bila kutoa hotuba, na mkewe akamuuliza kama ana malaria.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alikuwa amekaa na ringi moja mkononi, akiigeuza huku na huku, wakati Mukasine alipopita na ndoo.

"Hiyo ndiyo ilinisumbua," akasema Mukasine bila kusimama. "Upande moja nyeusi kama sufuria ya kuni. Upande ingine hakuna kitu."

Ntare akanyanyua kichwa. Nyeusi! Vumbi jeusi ni la mikanda, na mikanda iko juu. Basi ringi ile ilikaa chini ya puli, na upande ule ndio uliotazama juu. Akaitazama meza yote, akamtazama mwanamke yule, na maneno ishirini yakamjia mdomoni kama kawaida yake. Akayameza.

"Nisaidie," akasema.

"Mimi? Mashine siijui, muzehe."

"Huijui. Lakini uchafu wake wote umepita mikononi mwako. Mimi nilikuwepo miaka kumi na moja na sikuutazama."

Mukasine akaweka ndoo chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Ndipo ukaanza ufufuo wa ramani. Ntare aliinua kipande, naye Mukasine akafumba macho, akakumbuka. "Hii ilikuwa na grisi ya zamani, ngumu, nimekwangua na kisu." Basi ya beringi. "Hii, unga ya njano, unang'aa." Ya gia ya shaba. "Hii na hii zilikuwa zimeshikana, nimezitenganisha na maji ya moto." Ndugu mapacha, wakae pamoja! "Na hii ilikuwa nyeupe-nyeupe, kama maziwa imeganda." Hayo yalikuwa maji ya kupozea kisu, basi hiyo ya chini kabisa. Hakukosea hata kimoja. Ntare akaona aibu iliyochanganyika na furaha, na hakujua aanze na ipi.

Beringi mpya zikaingia. Springi ikarudi nyumbani kwake, safari hii Mukasine akiishikilia kwa kitambaa kinene huku akiiambia "tulia, tulia". Mota ikapanda juu kwa mnyororo. Saa tano na dakika arobaini, boliti ya mwisho ikakazwa, na mezani hakikubaki kipande.

Baraza likaingia mapema, lina haraka ya kuona mtu akianguka. Ntare alikuwa amesimama kando ya Mukecuru, mkono mmoja mfukoni.

"Fundi, tumefika," akasema Madamu Gaju. "Washa."

Ntare hakusogea. Njoroge akangoja, akakohoa, kisha akanyoosha kiganja. "Haya basi. Imekataa. Lete ufunguo, na pole sana, ndugu yangu."

"Ariko, mbona inazunguka," akasema Mukasine.

Njoroge akakaribia, akaweka kiganja juu ya mota, akaikuta ina joto na inatetemeka kidogo tu. Akainama, akautazama ule mhimili laini, akaona kwamba mwanga juu yake haukutulia.

"Inazunguka tangu mlipoingia," akasema Ntare.

Njoroge akavua kofia. Akasema neno la kwao ambalo hatukulielewa, lakini lilikuwa la heshima. Banda likalipuka kwa makofi na vigelegele, na Madamu Gaju akaenda ukutani, akaandika kwenye namba kumi na tatu: mia kwa mia.

Kisha kalamu ikapanda hadi namba saba. Madamu Gaju akageuka, akaitazama meza. Kitambaa cheupe kilikuwa na ramani nyingine kabisa, ya vidole vya grisi. Matambara, boksi la beringi, madimbwi ya mafuta mpaka mlangoni.

"Mukasine," akasema, si kwa ukali. "Hii leo siwezi kuandika mia."

Mukasine akaangalia viatu vyake. Na ile furaha yote ya Ntare ikachacha kinywani, kwa maana alijua ni grisi ya nani.

"Madamu," akasema Njoroge, akitazama simu yake, "saa sita bado. Kumebaki dakika nne."

Ndipo likatokea jambo ambalo wazee wa Gisozi hawakuwahi kuliona. Zephaniah Ntare, bwana wa spana, mshika ufunguo, ambaye kitu pekee alichowahi kukifuta ni miwani yake, akachukua tambara kutoka kwenye ndoo, akalikamua, akaishambulia meza. Akaifuta kwa urefu, akaifuta kwa upana. Akapiga magoti na tumbo lake lote, akafuata matone ya mafuta moja baada ya jingine mpaka mlangoni, jasho likimtiririka, miwani ikimning'inia sikio moja, na baraza zima likirudi nyuma kumpisha. Hakutoa hotuba.

"Muzehe," akasema Mukasine, "hapo kona bado."

Akarudi kwenye kona.

Madamu Gaju akaandika. Wiki ya ishirini na tatu, mia kwa mia. Basi na iandikwe pia hapa, na watoto wa Agakiriro, mtaa huu wa mafundi, wafundishwe: kwamba mwezi wa sita, siku ya Ijumaa, saa sita kasoro dakika moja, mbele ya mashahidi ishirini na wanne, fundi Zephaniah Ntare alifuta meza. Na kona pia.