Kiti cha Dada Kahaso Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 14 Julai 2025

Zahanati moja ya Utange inatafuta kompyuta ndogo ya kuongoza friji ya chanjo: zisipate joto, zisigande. Jumamosi Muuguzi Margret atazijaribu mbili, yetu na ya Salem wa Mkomani. Salem! Ana karakana yenye kiyoyozi, na bado hunywa chai kwa kikombe cha karatasi.

Janice, binti wa mdogo wangu Mramba, ndiye mhandisi wetu. Ameniambia kwa adabu kwamba tukishindwa atahamia kwa Salem. Bila Janice, karakana yetu ya Frere Town ni mimi na feni.

Anasema kompyuta itakuwa ya vipande: cha umeme, cha kupima joto, cha kufikiri. Vyote huchomekwa kwenye kibao kimoja. Kimoja kikiharibika, unakichomoa na kuweka kingine. Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Ni kama arusi! Kila ndugu analeta chake.

Nimeunda kamati. Mwenyekiti: mimi.

Jumatano, 16 Julai

Kikao. Kipande cha umeme nimempa dada yangu Kahaso, mkubwa wetu sote. Cha joto, Mramba. Cha kufikiri, Janice, kwa kuwa ndiye mdogo. Kila kipande kimeandikwa jina la mwenyewe.

Janice akaleta mchoro. Umeme ameuweka mwisho kabisa, eti hupata moto kama pasi. Kipimajoto mbali nao, tena na waya mrefu wa kuingia kati ya chupa.

Dada Kahaso aliutazama mchoro. Akauliza kwa nini yeye amewekwa mlangoni kama mtu aliyekuja kuosha masufuria, na Mramba, aliyebebwa mgongoni mwake, amekaa mbele. Akasema, “Changawa, hata ndani ya kompyuta?”

Janice akasema umeme haujui umri. Nikamwambia baba yake hakumlea hivyo. Mramba akatazama dari.

Ijumaa, 18 Julai

Janice alipotoka kununua skrubu, nilipanga upya. Dada Kahaso mbele. Mramba ubavuni pake, kama inavyostahili. Janice mlangoni. Kila kipande kiliingia kila mahali bila ubishi. Laiti ukoo wetu ungekuwa hivyo!

Waya mrefu nimeukata, kipimajoto nikakiunga papo hapo kwenye kipande cha Mramba. Kitu kinachoning'inia hakina nidhamu. Kisha nikafunga sanduku kwa kufuli.

Janice akarudi, akachungulia kwenye matundu ya sanduku. Akaniambia, “Baba mkubwa, hapo kipimajoto kitapima moto wa umeme.” Nikamjibu kwamba hakuna shangazi aliyewahi kuleta madhara kwa kukaa mbele. Akasema sawa, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Jumamosi, 19 Julai

Sijui nianzie wapi.

Muuguzi Margret, mtu mwangalifu, aliweka chupa za maji badala ya chanjo. Salem akaniamkia shikamoo na kunipokea mkoba. Marahaba yangu ilikuwa kavu.

Sanduku letu likawekwa ndani ya friji. Likawaka! Dada Kahaso, aliyevaa leso mpya kwa ajili ya picha, akapiga kigelegele. Kisha kioo cha sanduku kikaandika kwamba kuna joto. Friji ikanguruma. Joto likazidi. Friji ikanguruma zaidi. Nikamwambia Muuguzi Margret friji yake haina bidii.

Chupa zikapasuka. Barafu tupu!

Janice akaniomba ufunguo. Kipande cha Dada kilikuwa hakishikiki kwa moto. Kumbe kipimajoto cha Mramba kilikuwa kikimpima Dada Kahaso, si friji. Dada akauliza ni nani anayenuka moshi.

Nikajifariji kwamba kompyuta ya Salem nayo ilikuwa imezimika: kipande chake cha kufikiri kimekufa. Sare! Mara Janice akachomoa chake kutoka kwetu, akakichomeka kwenye kibao cha Salem. Kikaingia. Kikafanya kazi. Friji ikatulia, chupa mpya zikabaki nzima, Muuguzi Margret akaichagua ya Salem papo hapo.

Nikauliza nani ameruhusu jina la ukoo wetu likae ugenini. Janice akasema wahandisi wote hufuata soketi za aina moja, na hiyo ndiyo faida ya vipande, Baba mkubwa.

Nikauliza: na kamati?

Salem akanirudishia mkoba wangu.

Jumatatu, 21 Julai

Janice amehamia Mkomani. Ameniachia bisibisi yake nzuri na salamu. Nasikia friji ya Utange imejaa chanjo.

Nimetafakari sana. Kosa nimelipata: Dada Kahaso alikaa pembeni mwa kibao, tena na jirani mmoja tu. Lazima alikasirika.

Kuna kiwanda cha barafu Likoni kinachotaka kompyuta. Safari hii kibao kitakuwa cha duara. Nafasi ya Janice nimeiacha wazi mlangoni, akitaka kurudi. Dada Kahaso atakaa katikati kama bibi arusi, na ndugu wote wamzunguke, karibu naye kabisa, asijione mpweke.