Kuinua Kigari Namba Mbili

Jumapili, 3 Agosti 2014

Wiki ndiyo kwanza imeanza na mimi nimeshachoka. Mwenye kompaundi tunayolinda ameweka matuta mapya barabara nzima. Matuta marefu kama makaburi! Kigari changu cha gofu, Namba Mbili, kimekwama kwenye tuta la kwanza. Tumbo juu ya lami, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure. Springi zake zililala zamani. Herbert akaja na Namba Moja, kipya, akashuka, akanisukuma, akanitakia siku njema. Mganda yule ana adabu ya kuudhi.

Joram, supavaiza wetu, amesema kigari kisichopita matuta kitauzwa chuma chakavu, na dereva wake atarudi doria ya miguu. Miguu! Agosti! Hapa Al Wukair, Qatar, hakuna hata mti wa kujibanza. Nilitembea miaka minne kabla ya kupewa kiti hiki, na magoti hayajanisamehe. Nimepewa mpaka Jumamosi, Mama Kabira atakaporudi kutoka Salalah, Oman, alikokwenda kukimbia joto. Huyo ni mama mzazi wa mwenye kompaundi. Kila alasiri mimi ndiye humpeleka kwa binti yake, vila ya mwisho kule nyuma.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeulizia duka moja vifaa vya kuinulia kigari. Bei yake ni tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi. Nikamshukuru muuzaji, nikatoka. Nitakiinua mwenyewe.

Wajenzi wa vila za nyuma wametupa mbao nene za jukwaa. Nitaweka vipande kati ya springi na ekseli, nifunge kwa boliti ndefu. Tena mtoto wa vila ya kona ametupa ile pikipiki yake ya magurudumu manne ya kuchezea mchangani. Tairi kubwa, na matundu ya boliti yamelingana na yangu! Kuna mkono wa Mungu hapa.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya mafuta na jasho. Herbert alikuja na jeki yake, akauliza kwa upole kama mbao zitahimili. Nikamwambia kitanda chake ni cha mbao na hakijamwangusha. Akasema nimwite nikikwama. Sitamwita.

Kigari kimepanda, kamba ya breki imebaki fupi ile ile. Kikawa kinajifunga breki chenyewe. Nimekiendesha mpaka getini kikinuka mpira unaoungua. Nimelegeza nati, nikakaza, nikalegeza tena, mpaka kikakubali. Mgongo umekufa. Sijui kwa nini nilikuja nchi hii.

Alhamisi, 7 Agosti

Kimepita! Matuta yote! Joram akainama, akachungulia chini, akasema sawa, Namba Mbili kinabaki. Nilitamani mama yangu angeniona pale juu. Herbert alipiga makofi. Anaumia, najua.

Ijumaa, 8 Agosti

Kanisani Mesaimeer; huku ibada ni Ijumaa. Walipoita wenye ushuhuda nilisimama, nikaeleza jinsi Bwana alivyoniinua, mimi na kigari. Ushuhuda ulirefuka kidogo. Mchungaji akaanzisha wimbo nikiwa bado kwenye ekseli. Aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni Herbert, pale kwenye besi ya kwaya. Mnafiki.

Jumamosi, 9 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Mama Kabira amerudi. Akatoka na Scovia, msichana wake wa nyumbani. Akakitazama kigari kuanzia chini mpaka juu. Akainua mguu. Haukufika. Akainua mwingine.

Kwetu ningemshika bibi mkono, moja, mbili, yuko juu. Hapa mkono wangu hauruhusiwi kumgusa. Niliunyosha, nikaurudisha, nikautia mfukoni. Scovia akasukuma kutoka nyuma, abaya ikateleza kwenye kiti, wote wawili wakarudi chini. Mama Kabira akasema maneno marefu. Scovia akanitafsiria kwa huruma: bambi, pole Nahashon, anasema hata ngamia hupiga magoti.

Herbert akatokea na Namba Moja. Wakapanda, wakaondoka. Tende ambazo Mama Kabira huniletea mimi kila safari amepewa yeye. Iliniuma. Joram amenipa siku mbili. Nikikishusha, hakipiti matuta. Nikikiacha, hapandi mtu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata jibu: ngazi! Vidato vitatu, kwa mbao zilizobaki. Herbert akashauri niifunge nyuma ya kigari. Nikamwambia ahangaike na chake.

Mama Kabira alipanda kama malkia. Tukavuka matuta yote, akicheka na kuchungulia bustani za watu juu ya kuta. Anapenda kule juu! Tukafika kwa binti yake. Nikashuka kuweka ngazi.

Ngazi tulikuwa tumeiacha tulikotoka.

Kigari hakigeuki pale, kurudi nyuma ni ukutani. Nilikimbia kompaundi nzima kwenda, nikatembea nzima kurudi na ngazi kichwani. Mama Kabira alikuwa bado ameketi juu juani, Scovia akimpepea kwa kiatu. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumatano, 13 Agosti

Uamuzi umetolewa, na ni wa Mama Kabira mwenyewe. Namba Mbili kisiuzwe wala kisishushwe, kwa sababu ya kuchungulia. Dereva wake atakuwa Herbert, maana hajawahi kumwacha angani. Mimi, kwa kuwa ngazi ni yangu, nitakuwa mtu wa ngazi: niiweke akipanda, kisha niwahi mbele niiweke akishuka.

Leo nimeanza. Nimetembea na ngazi begani, na kila tuta Herbert alinisubiri. Akarudia tena, kwa adabu ile ile, kwamba ingefungwa nyuma ningepanda naye. Sasa hilo haliwezekani kabisa, kwa kuwa amelisema yeye.

Magoti yanawaka. Ila nikiwa nakunywa chai ya karak stoo nimeona tairi za zamani za Namba Mbili, zote nne, nzima. Nikizitia kwenye ngazi itajiviringisha yenyewe. Tatizo dogo tu: itakuwa chini mno kwa matuta. Nimeshatenga mbao.